BUNJU, MAFUTA NA UMEME: TUNAJUAJE KISICHOONEKANA?



Wapendwa wanafunzi, pamoja na wazazi mnaosoma jarida hili na watoto wenu majumbani,

Katika kipindi cha maswali ya sayansi, mwanafunzi mmoja, mtoto wa mvuvi, aliuliza swali lililonifanya nifunge daftari langu. Alisema: "Ustadh, mtu akila bunju hapati jeraha wala damu haimwagiki. Sasa anakufa kwa nini?" Nikamjibu kwamba sumu ya bunju huziba vijilango vidogo mno vilivyoko kwenye utando wa mishipa ya fahamu. Akanitazama kidogo, kisha akauliza la pili: "Nani ameviona hivyo vijilango?"

Swali la pili ndilo zito. Ni kweli kwamba leo zipo picha za vijilango hivyo, zilizopatikana kwa mitambo ya gharama kubwa. Lakini vijilango vilijulikana, na mkondo wa umeme unaopita katika kimoja kimoja ukapimwa, miaka mingi kabla ya picha hizo kupatikana. Vilijulikana kwa kipimo. Somo letu la mwaka huu ni hilo: jinsi wataalamu walivyotengeneza utando wa mafuta mwembamba kuliko chochote unachoweza kukishika, wakaupima kwa umeme, na wakajua yaliyomo ndani yake bila ya kuyaona kwa macho.

1. UTANDO NI NINI?

Maziwa yaliyochemshwa yakiachwa yapoe hufanya utando juu yake. Kila seli ya mwili wako nayo imezungukwa na utando, ila huo ni mwembamba mno. Unene wake ni takriban nanomita 5. Nanomita ni sehemu moja katika milioni ya milimita. Kwa hivyo ukizipanga tando laki mbili, moja juu ya nyingine, ndipo utapata milimita moja tu.

Utando huu umejengwa kwa mafuta ya aina maalumu yaitwayo lipidi. Molekuli ya lipidi ina kichwa kinachopenda maji na mikia miwili inayoyakimbia maji. Lipidi zikitiwa majini hujipanga zenyewe katika safu mbili. Vichwa vya safu ya juu huelekea maji ya juu, vichwa vya safu ya chini huelekea maji ya chini, na mikia yote hukutana katikati, mahali pasipo na maji. Hakuna fundi anayezipanga. Ni tabia ya maji na mafuta, kama unavyoona mafuta ya kupikia yakijitenga juu ya mchuzi.

Sasa angalia jambo lifuatalo. Ndani ya seli mna maji yenye chumvi, na nje yake mna maji yenye chumvi. Chumvi ikiyeyuka hugawanyika kuwa chembe zenye chaji ya umeme, nazo huitwa ioni: sodiamu, potasiamu, kloridi na nyinginezo. Ioni hupita katika maji kwa urahisi, lakini katika mafuta hazipiti. Kwa hiyo kila seli ni maji yanayopitisha umeme, kisha mafuta yasiyopitisha, kisha maji tena.

Mshipa wa fahamu uliotulia una tofauti ya volteji ya karibu milivolti 70 baina ya ndani na nje. Utasema ni kidogo, maana betri moja ya tochi ina volti 1.5. Lakini kumbuka unene wa utando. Milivolti 70 katika nanomita 5 ni sawa na volti milioni 14 kwa kila mita. Hewa hushindwa kuzuia umeme, cheche zikaruka, inapofikia kiasi cha volti milioni 3 kwa mita. Basi ndani ya ngozi ya kila mshipa wako wa fahamu, sasa hivi unaposoma, kuna msukumo wa umeme mkubwa kuliko ule unaotosha kurusha cheche hewani, na utando unaustahimili.

2. WALIVYOANZA KUUPIMA

Mwaka 1925 zilitokea kazi mbili, kila moja peke yake. Huko Uholanzi, Gorter na Grendel walitoa lipidi zote kutoka katika chembe nyekundu za damu, wakazitandaza juu ya maji, wakapima eneo zilizofunika. Walikuta eneo hilo ni karibu mara mbili ya eneo la nje la chembe zenyewe. Wakasema: basi utando una safu mbili.

Mwaka huohuo huko Cleveland, Marekani, Hugo Fricke alitumia umeme. Alipitisha katika damu mkondo unaobadilisha mwelekeo mara nyingi kwa sekunde. Mkondo unaobadilika polepole huzipita chembe za damu kwa pembeni, kama maji yanavyopita kando ya mawe. Mkondo unaobadilika haraka sana huweza kuvuka chembe zenyewe, kwa sababu utando hufanya kazi kama kapasita, yaani kifaa cha kuhifadhi chaji. Kutokana na tofauti hiyo Fricke alipata kwamba kila sentimita moja ya mraba ya utando ina kapasitansi ya mikrofaradi 0.81. Kisha akapiga hesabu ya unene, akapata nanomita 3.3. Picha za kwanza za utando kwa hadubini ya elektroni zilikuja katika miaka ya 1950. Fricke alikuwa ameshautaja unene unaokaribia ukweli zaidi ya miaka 20 kabla yake.

Aidha, mwaka 1952 Waingereza wawili, Hodgkin na Huxley, walieleza kwa hesabu namna ujumbe unavyopita katika mshipa mnene wa fahamu wa ngisi, yule yule ngisi tunayemjua sokoni. Walionyesha kwamba kwanza sodiamu huingia ndani ya mshipa, kisha potasiamu hutoka nje, na kwamba mwendo huo ndio ujumbe wenyewe.

Hata hivyo ilibaki shida moja. Mshipa ulio hai ni kama nyumba ya harusi: watu wanaingia na kutoka kwa milango mingi kwa wakati mmoja. Ukisimama nje ukahesabu jumla ya waliopita, hutajua ni mlango upi uliofunguliwa, wala kila mmoja ulipitisha watu wangapi. Namna ya kujua ni kujenga ukuta mtupu usio na mlango hata mmoja, kuupima vizuri, kisha kuutia mlango mmoja na kupima tena. Maneno hayo, ndugu mwanafunzi, yashike. Ndiyo kiini cha somo hili.

3. UKUTA MTUPU

Ukuta huo ulipatikana Philadelphia, Marekani. Mwaka 1962 Mueller, Rudin, Tien na Wescott walitangaza kwamba wametengeneza utando wa lipidi wa safu mbili nje ya mwili wa kiumbe. Njia yao ni nyepesi kuieleza, ingawa inataka mkono mtulivu.

Chukua kikombe kidogo cha Tefloni, yaani ile plastiki inayopakwa kwenye vikaango visivyoshika chakula. Ukuta wake utobolewe tundu moja dogo la kipenyo cha kama milimita moja. Kikombe huwekwa ndani ya chombo kingine, na pande zote mbili hutiwa maji ya chumvi. Kisha lipidi, walizozitoa katika ubongo wa ng'ombe, huyeyushwa katika kiyeyushi cha mafuta. Siku hizi hutumika sana dekeni, ambayo ni moja ya vimiminika vilivyomo katika mafuta ya taa, na lipidi hupatikana pia katika kiini cha yai. Brashi nyembamba ya kuchorea huchovywa katika mchanganyiko huo na kupitishwa juu ya tundu lililo chini ya maji.

Mwanzo tundu hufunikwa na tone nene la mafuta. Likimulikwa na kutazamwa kwa hadubini ndogo, huonekana la kijivu. Kisha mafuta ya ziada hukimbilia kingoni, tone likawa jembamba, na rangi za upinde wa mvua hujitokeza. Baadaye doa jeusi huanza mahali, likatanuka, mpaka karibu tundu zima liwe jeusi. Hapo ndipo utando umekuwa wa safu mbili tu. Kwa sababu hiyo watu wa fani hii huuita utando mweusi.

Kwa nini uwe mweusi hali mafuta hayana weusi? Mwanga ukigonga utando, sehemu yake hurudi kutoka uso wa mbele na sehemu nyingine kutoka uso wa nyuma. Mawimbi hayo mawili hurudi yakiwa kinyume, moja limepanda na jingine limeshuka. Utando ukiwa mwembamba mno, hayana nafasi ya kupishana, nayo hufutana. Mwanga haurudi, na jicho huona giza.

JARIBIO LA NYUMBANI. Kunja waya upate pete ya ukubwa wa kizibo cha chupa. Ichovye katika maji ya sabuni yaliyotiwa sukari kidogo, kisha uisimamishe wima mbele ya kitambaa cheusi huku mwanga ukitokea nyuma yako. Utaona mistari ya rangi ikiteremka. Ukisubiri bila ya kutikisa mkono, juu kabisa patatokea sehemu ionekanayo kama imetoboka, kumbe haijatoboka. Ni maji ya sabuni yaliyokuwa membamba mno. Muda mfupi baadaye hupasuka. Hayo ndiyo waliyoyaona wao, isipokuwa utando wao ulikuwa chini ya maji. Jaribio hili halihitaji umeme, na asijaribu mtu yeyote kuingiza umeme wa nyumba katika maji.

4. KIPIMO CHA KWANZA: UTANDO UNAHIFADHI CHAJI KIASI GANI?

Kila upande wa utando hutiwa elektrodi moja, nayo ni waya wa fedha uliopakwa kloridi ya fedha. Elektrodi hizo huunganishwa na chombo kinachotoa volteji na kupima mkondo mdogo sana. Vyote huwekwa ndani ya kasha la chuma ili umeme wa taa na waya za jengo usiingilie, na juu ya meza nzito isiyotikisika, maana hata kufungwa kwa mlango wa chumba kwaweza kuupasua utando.

Kisha volteji hupandishwa kwa mwendo mmoja na kuteremshwa kwa mwendo ule ule, mfano wa paa la nyumba. Kapasita ina kanuni hii:

mkondo = kapasitansi × kasi ya kubadilika kwa volteji

Volteji inapopanda kwa mwendo mmoja, mkondo hukaa mahali pamoja. Inaposhuka, mkondo hugeuka upande wa pili kwa kiasi kile kile. Kwa hiyo mchoro wa volteji ni paa, na mchoro wa mkondo ni sanduku.

Tufanye mfano. Tundu lina eneo la sentimita za mraba 0.01. Volteji inapanda milivolti 50 katika milisekunde 50, yaani kasi ya volti 1 kwa sekunde. Mkondo unasomeka nanoampea 4. Basi kapasitansi ni nanofaradi 4. Gawanya kwa eneo, utapata mikrofaradi 0.4 kwa kila sentimita ya mraba.

Sasa tutafute unene. Kanuni yake ni:

unene = 8.85 × 10⁻¹² × namba ya kihami ÷ kapasitansi ya mita moja ya mraba

Namba ya kihami kwa mafuta ya namna hii ni karibu 2.1. Mikrofaradi 0.4 kwa sentimita ya mraba ni sawa na faradi 0.004 kwa mita ya mraba. Piga hesabu, utapata nanomita 4.6. Huo ndio unene wa sehemu ya mafuta katika utando uliopakwa kwa brashi.

Mwanafunzi makini atauliza: mbona Fricke alipata nanomita 3.3? Kwanza, Fricke alikisia namba ya kihami kuwa 3. Pili, na hili ndilo kubwa, utando wa brashi hubakiwa na dekeni katikati ya mikia, nayo huunenepesha. Mwaka 1972 Montal na Mueller walileta njia nyingine: lipidi hutandazwa safu moja juu ya maji ya kila upande, kisha maji hupandishwa polepole mpaka yapite tundu, na safu mbili hukutana hapo. Utando wa namna hiyo karibu hauna kiyeyushi ndani yake, na kapasitansi yake hufika kama mikrofaradi 0.7 kwa sentimita ya mraba. Weka 0.007 katika kanuni yetu, unene utakuwa karibu nanomita 2.7. Umeona? Kwa namba moja tu iliyosomwa nje, mtu anajua kama katikati ya utando mna mafuta ya ziada au hamna.

Aidha, kipimo hiki ni shahidi wa pili wa jicho. Doa jeusi linapotanuka, kapasitansi nayo hupanda kwa kuwa utando unazidi kuwa mwembamba. Doa likikoma, nayo hukoma. Mashahidi wawili wakikubaliana, na kila mmoja ametoa habari kwa njia yake, habari yao ina nguvu.

5. KIPIMO CHA PILI: UTANDO UNAVUJISHA KIASI GANI?

Safari hii volteji haipandi wala haishuki. Huwekwa milivolti 50 na kuachwa hapo. Kapasita ikishajaa chaji, mkondo wake hukoma. Mkondo wowote unaobaki ni uvujaji, yaani ioni zinazopenya. Hapa twatumia kanuni ya Ohm, ambayo wanafunzi wa sekondari wanaijua:

ukinzani = volteji ÷ mkondo

Utando mzuri wa eneo lile lile la sentimita za mraba 0.01 huweza kuvujisha pikoampea 5 tu. Pikoampea ni sehemu moja katika milioni milioni ya ampea. Ukigawanya utapata ukinzani wa ohm bilioni 10. Fikiri juu ya hilo: maji ya chumvi huku, maji ya chumvi kule, katikati yake kitu chembamba kuliko utando wa buibui, na umeme haupiti ila kwa shida kubwa.

Lakini ukuta huu una kiwango chake. Volteji ikizidi, mara nyingi baina ya milivolti 150 na 300 kwa kutegemea aina ya lipidi, utando hupasuka na kazi huanza upya.

6. MLANGO MMOJA

Baada ya ukuta kupimwa ukiwa mtupu, ndipo huongezwa kitu kimoja. Wale wa Philadelphia mwaka 1962 walitia dutu iliyotokana na bakteria waliokuzwa katika ute wa yai. Utando uliokuwa kimya ukaanza kufungua na kufunga njia za umeme kwa kufuata volteji, kwa namna inayofanana na mshipa wa fahamu. Ilikuwa habari kubwa, kwani ilionyesha kwamba tabia hiyo haitaki seli nzima iliyo hai. Yatosha ukuta na mlango.

Mwaka 1970 Hladky na Haydon, huko Uingereza, walitumia kitu kinachojulikana zaidi: gramisidini, dawa ya kuua bakteria iliyogunduliwa na René Dubos mwaka 1939 na ambayo bado imo katika baadhi ya dawa za matone ya macho. Walitia kiasi kidogo mno. Mkondo haukupanda kama mlima. Ulipanda kama ngazi: sifuri, kisha daraja moja, kisha madaraja mawili, kisha moja, kisha sifuri. Kila daraja lilikuwa karibu sawa na mwenzake. Maana yake ni kwamba kila daraja ni mlango mmoja uliofunguka, na kila kushuka ni mlango mmoja uliofungwa. Baadaye ikathibitika kwamba mlango wa gramisidini hufanywa na molekuli mbili, moja katika kila safu ya utando, zikikutana ndipo njia hupatikana, zikiachana njia hukatika.

Katika maji yenye chumvi nyingi ya potasiamu, kwa milivolti 100, daraja moja ni takriban pikoampea 2. Chaji ya ioni moja ni 1.6 × 10⁻¹⁹. Ukigawanya utaona kwamba mlango mmoja hupitisha ioni zaidi ya milioni 12 kwa sekunde moja. Hakuna jicho lililoona mlango huo ukifunguka siku hiyo. Lakini aliyesoma mchoro alijua umefunguka saa ngapi, umekaa wazi muda gani, na umepitisha ioni ngapi.

7. UAMINIFU WA MPIMAJI

Hapa nataka tutulie kidogo, kwa sababu wengi hukosea hapa, na si katika maabara peke yake.

Mchoro wenye ngazi waweza kukudanganya. Kiputo cha hewa kikikaa kwenye tundu, mkondo hubadilika. Utando usioshika vizuri kingo za tundu huvuja pembeni, nawe ukadhani umepata mlango. Gramisidini ya jaribio la jana hung'ang'ania Tefloni, na kikombe kisipooshwa sawasawa, leo utaona milango ambayo hukuitia. Zaidi ya hayo, lipidi tupu, bila ya protini yoyote, katika baadhi ya hali, hasa zikiwa karibu kuganda au kuyeyuka, huweza kutoa miruko ya mkondo inayofanana na milango.

Kwa sababu hiyo mpimaji mwaminifu huanza kila siku na ukuta mtupu. Hupima kapasitansi kuhakikisha kwamba ni safu mbili kweli. Hupima uvujaji na kungoja kwa dakika kadhaa. Utando ukiwa kimya, ndipo hutia kitu kimoja. Akiona ngazi, huuliza: je, nikitia maji matupu badala ya kitu hiki, ngazi zinatokea? Je, nikitia kitu kinachojulikana kuziba mlango huu, zinapotea? Asipofanya hivyo, hawezi kudai kwamba ameona alichokitafuta. Kipimo ni amana. Anayeandika asichokipima anawadanganya watu wasioweza kumkagua.

8. TURUDI KWA BUNJU

Sasa tunaweza kumjibu mtoto wa mvuvi. Sumu ya bunju huitwa tetrodotoksini, nayo hukaa zaidi katika ini na mayai yake. Mwaka 1983 watafiti watatu, Krueger, Worley na French, walichukua milango ya sodiamu kutoka ubongo wa panya wakaitia katika utando wa lipidi uliotengenezwa. Ili milango ikae wazi ipimike, walitumia sumu nyingine, ile ya vyura wa Amerika ya Kusini. Ngazi za mkondo zikaonekana. Kisha wakatia tetrodotoksini. Mlango uliokuwa ukipitisha ioni ukakatika ghafla, mkondo ukaanguka, ukakaa chini. Sumu ilipobanduka, mkondo ukarudi. Sumu hii huziba kutokea upande mmoja tu, ule unaotazama nje ya seli, mfano wa kizibo kinachoingia chupa kwa juu.

Basi hilo ndilo jibu. Aliyekula bunju hana jeraha kwa sababu hakuna kilichokatwa. Milango ya sodiamu imezibwa, ujumbe hausafiri, midomo na ulimi hufa ganzi, mikono na miguu hulegea, na mwishowe misuli ya kupumua husimama, na huenda akili yake ingali timamu. Inakadiriwa kwamba miligramu moja hadi mbili zatosha kumuua mtu mzima. Kupika hakuiondoi sumu hii, wala kukaanga, wala kukausha. Dawa maalumu ya kuiondoa haipo. Kinachookoa ni kumwahisha mgonjwa hospitali mapema asaidiwe kupumua kwa mashine, mpaka sumu imtoke mwilini. Anayevuka saa 24 za mwanzo kwa kawaida hupona. Wazazi, hili tuliseme wazi: bunju asiliwe, wala asipewe jirani, wala asiachwe ufukoni watoto wakamwokota.

9. FAIDA NYINGINE

Elimu hii imezaa mengine. Mwaka 1996 Kasianowicz na wenzake walionyesha kwamba uzi wa DNA ukivutwa kupita katika tundu la protini lililowekwa kwenye utando wa lipidi, mkondo hupungua wakati uzi unapita. Kutokana na wazo hilo vimetengenezwa vifaa vidogo vya kusoma DNA, vinavyoshikika mkononi, ambavyo siku hizi hutumia utando wa polima kwa kuwa ni imara zaidi. Vifaa vya aina hiyo vilitumika Guinea mwaka 2015 kufuatilia virusi vya Ebola, na hapa pwani yetu, huko Kilifi, watafiti walivitumia kufuatilia virusi vya UVIKO-19 kuanzia mwaka 2020. Kanuni ni ile ile: ukuta, mlango mmoja, na mkondo unaosomwa kwa uaminifu.

MUHTASARI

Utando wa seli ni safu mbili za lipidi. Kapasitansi yake hutujulisha unene. Ukinzani wake hutujulisha kama umeziba au unavuja. Mkondo unaopanda kwa ngazi hutujulisha mlango mmoja mmoja. Na hayo yote hayafai kitu kama ukuta haukupimwa kwanza ukiwa mtupu.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Tundu lina eneo la sentimita za mraba 0.01, na kapasitansi ya utando ni nanofaradi 6. Je, utando huu ni mnene au mwembamba kuliko ule wa mfano wetu wa nanofaradi 4? Eleza sababu.
2. Katika jaribio la gramisidini mkondo umesimama kwenye pikoampea 8, na daraja moja ni pikoampea 2. Milango mingapi iko wazi?
3. Mwenzako ameona ngazi katika mchoro wake lakini hakupima utando mtupu kabla yake. Utamshauri nini?
4. Kwa nini utando wa lipidi huonekana mweusi?
5. Waeleze watu wa nyumbani kwenu, kwa maneno yako mwenyewe, kwa nini bunju hauliki hata akipikwa sana. Andika waliyokuuliza, uje nayo darasani.

Na yule mwanafunzi aliyeuliza "nani ameviona", namwambia: endelea kuuliza hivyo hivyo. Kila atakayekupa habari ya kisichoonekana, mwulize amekijuaje. Akiwa na kipimo cha kweli, hatakasirika.

Wabillahi tawfiq.